Ukiniuliza mtu gani ni mzuri kufanya naye kazi, nitaangalia kwanza kama taarifa yake inaaminika

Mkuu, umesema kila tangazo la kazi linataka mtu "anayeweza kufanya kazi na wenzake", usaili wako umekaribia, na hujui ujibu nini zaidi ya kusema wewe ni mchapakazi na unapenda ushirikiano. Wadau wameshakutajia nidhamu, heshima, ucheshi na kuwahi kazini. Sipingani nao. Ila mimi nimekaa miaka mingi kwenye matengenezo ya mitambo kiwandani, kazi ya zamu, na sasa nasimamia mafundi. Naomba nikueleze ninachokiona huko, maana kwenye zamu tabia ya mtu haijifichi.

Kazi unayoiacha asubuhi inaendelezwa na mwenzako wakati wewe umelala. Usipomwambia kitu, hana njia ya kukijua mpaka kimlipukie. Ndiyo maana sifa ninayoitanguliza ni hii: mtu akisema kazi yake imefikia hapa, je, unaweza kuanzia hapo hapo bila kwenda kuhakiki upya?

Tuna daftari la makabidhiano. Wapo wanaoandika "hali ni shwari" kila siku, hata siku ambayo mtambo umesimama mara mbili. Na yupo fundi mmoja, mkimya sana, ambaye kurasa zake huwa hivi: "Pampu ya pili imeanza kupiga kelele saa nane usiku. Nimekaza boliti za chini, kelele imepungua lakini haijaisha. Nahisi ni beringi ya upande wa mota. Sijaifungua. Beringi mpya ipo stoo, nimeshajaza fomu, iko kwenye droo."

Tazama alivyopanga. Alichokisikia kiko peke yake, alichokifanya kiko peke yake, anachokihisi amesema ni hisia tu, na ambacho hajakifanya amekitaja wazi. Lile neno "sijaifungua" linamwokolea anayeingia zamu muda mwingi sana, kwa sababu hahitaji kubahatisha. Fundi huyu hachangii mazungumzo wakati wa mapumziko, na mtu asiyemfahamu angemwita mgumu. Lakini ukiwauliza mafundi wangetaka kupokea zamu kutoka kwa nani, wengi watamtaja yeye. Kwa hiyo wewe uliyesema ni mpole na huna maneno mengi, usidhani umepungukiwa.

Sifa hiyo ina pacha wake, nao ni kusema mapema. Mtu akikwama saa mbili asubuhi na akasema saa mbili na nusu, bado tuna siku nzima ya kupanga. Akisema jioni, anakuwa ametuachia tatizo lenyewe pamoja na muda uliopotea. Na kusema kwenyewe kuwe kwa kueleweka. Tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United Airlines, safari namba 173, ilianguka karibu na Portland, Marekani, na watu 10 wakafariki. Ilikuwa imeishiwa mafuta. Rubani mkuu alizama kwenye hitilafu ya magurudumu ya kutua, ndege ikawa inazunguka angani kwa takriban saa nzima. Wenzake walijua mafuta yanakwenda na waligusia, lakini hawakusema kwa uzito wa kumfanya aache alichokuwa akikishughulikia. Baada ya ajali ile mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani namna ya kumwambia mkubwa jambo zito bila kuzungukazunguka, na wakubwa nao wakafundishwa kusikiliza.

Hapo kwenye kusikiliza ndipo watu wengi hawajipimi. Tunadhani ukweli unategemea ujasiri wa msemaji peke yake. Mimi naona msikilizaji ana sehemu kubwa vilevile. Mwenzako akija na habari mbaya ukamfokea, au ukatabasamu kwa dharau, kesho hatakuja, na tatizo halitakuwa limeondoka. Mtafiti Amy Edmondson alichunguza timu za wodini miaka ya 1990 akitarajia kwamba timu zenye maelewano mazuri zingekuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta ndizo zinazoripoti makosa mengi zaidi. Ufafanuzi alioufikia ni kwamba huko watu hawakuogopa kuyataja, kwa hiyo yalionekana. Nimeliona jambo hilohilo kwenye daftari letu: zamu yenye kiongozi mkali wa maneno ndiyo yenye "hali ni shwari" nyingi.

Halafu kuna uvivu wa kujificha kwenye kundi. Huu si wa watu wabaya peke yao. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 majaribio ya watu kuvuta mzigo kwa pamoja, na kadiri walivyoongezeka ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua. Watafiti wa baadaye walikuta kwamba mchango wa kila mtu ukiweza kutambulika, ulegevu huo hupungua sana. Namthamini mtu anayefanya vizuri sehemu isiyohesabiwa na yeyote: kurudisha vifaa mahali pake, kufuta mafuta sakafuni, kuandika namba ya kipuri alichobadilisha.

Kubishana si dosari, na mtu anayekubali kila kitu ananipa wasiwasi. Bisha kwenye kikao, toa sababu zako, na uamuzi ukipita tofauti na ulivyotaka, ufanye kwa mikono yote miwili. Anayenyamaza kikaoni kisha akaenda kunung'unika pembeni anaharibu kuliko mbishi. Ucheshi ni mzuri ukiwepo. Usipokuwepo kazi inaendelea.

Sasa usaili wako. Usitaje sifa tupu. Chagua kazi moja ambayo haikuwa yako peke yako, kisha eleza nani alikuwa anategemea sehemu yako, ulimwambia nini, lini, na yeye aliweza kufanya nini kwa sababu alijua mapema. Kazi ya kikundi chuoni au ya kujitolea inatosha kama hujawahi kuajiriwa. Wakikuuliza kuhusu kutofautiana na mwenzako, eleza hoja yake kwa haki kabla ya kueleza ya kwako. Mimi nikiwa upande wa kuuliza, hapo ndipo nasikiliza kuliko mahali pengine pote, maana anayemchora mwenzake wa zamani kama mjinga atanichora na mimi hivyohivyo.

Ukipewa nafasi ya kuuliza, waulize wanakabidhianaje kazi mtu anapotoka, na nini hutokea mtu akisema amekwama. Ukiwa na mfano unaotaka kuutumia, uweke hapa kabla ya siku yenyewe tuupitie pamoja.