Kabla hujajaza fomu ya Pantex

Vijana wetu wa hapa Amarillo, Texas, wakishachoka na visu vya kiwanda cha nyama huja kuniuliza swali lilelile: kule Pantex, kwenye kiwanda cha silaha za nyuklia, watu wanaingiaje? Nimefanya kazi mle miaka sita, fundi wa mabomba na mitambo ya hewa. Silaha sijawahi kuigusa. Nitakayoandika hapa ni mambo yanayojulikana hadharani, pamoja na yaliyonipata mwenyewe.

Jua kwanza unaomba kazi wapi. Pantex iko kilomita 27 hivi kutoka mjini, katikati ya mashamba, upande wa kaskazini-mashariki. Ilijengwa 1942 kutengeneza mabomu ya kawaida na makombora ya mizinga, ikafungwa vita vilipokwisha, ikafufuliwa 1951 kwa kazi ya silaha za nyuklia. Leo ndipo mahali pekee Marekani panapounganishwa na kufunguliwa silaha hizo. Iliyostaafishwa huondolewa vilipuzi. Kiini chake cha plutoniamu, metali yenye mionzi hatari, hubaki ghalani palepale, sehemu za urani hupelekwa Oak Ridge, Tennessee. Hatua za hatari zaidi hufanyika kwenye vyumba vya duara ambavyo juu yake pamerundikwa kokoto kimo cha mita 5 hivi. Vilipuzi vikilipuka, kokoto ziporomoke zifukie kila kitu, plutoniamu isitoke. Zinamkinga aliye nje. Machi 1977 wafanyakazi watatu walikufa pale wakichonga vilipuzi kwa mashine. Plutoniamu haikuhusika, lakini watu walikufa. Mweleze mkeo au mumeo hayo kabla hujaomba.

Na umalizane na dhamiri yako mapema. Mwaka 1981 askofu wetu wa Amarillo, Leroy Matthiesen, aliwaomba hadharani wafanyakazi wa Pantex wafikirie kuacha kazi ile. Mama yangu alipolisikia hilo kanisani aliniuliza, "Baba, sisi tumekimbia bunduki, wewe unazifuata?" Nikamwambia habari ya B53, bomu la megatoni 9 (nguvu ya tani milioni 9 za vilipuzi), ambalo la mwisho la aina yake lilifunguliwa pale Oktoba 2011. Nikamwambia pia kwamba kati ya 1994 na 2023 Marekani imebomoa vichwa vya nyuklia 12,088. Yote kweli. Lakini mwaka wa fedha 2023 vilibomolewa 69 tu, na mafundi walewale walikuwa wakikarabati vingine, mfano bomu la B61-12, vikae miaka mingi zaidi. Sikumwambia mama nusu ya habari, na wewe usijiambie nusu. Mimi nilikubali kwa sababu naamini kitu cha namna ile, maadamu kipo, kitunzwe na watu makini. Ukiona huwezi kulala kwa jambo hilo, kazi nyingine zipo, na hakuna atakayekuona mjinga.

Sasa fomu. Lazima uwe raia. Kwa sisi tulioingia kama wakimbizi, miaka mitano ya kusubiri uraia huhesabiwa tangu siku uliyotua, kwa hiyo usichelewe. Ukishapata nafasi kuna kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kukaribia siri za serikali, wanakiita Q, na fomu yake ni ndefu: kila mahali ulipoishi miaka 10, ndugu walioko nje, fedha unazowatumia, madeni, dawa za kulevya. Kisha mpelelezi anakuja kwa majirani na kazini kwako.

Hapa ndipo nilipokosea. Nina ndugu wa baba mmoja kule Uvira, Kongo, ambaye wakati wa vita aliwahi kubeba silaha. Nilimwacha nje ya fomu. Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, tulikulia tukifundishwa kwamba jina la mtu halitajwi mbele ya mwenye karatasi na kalamu, na ukimya huo ulituvusha salama. Usiku wa kuamkia mahojiano sikulala. Asubuhi, kabla mpelelezi hajauliza lolote, nikamwambia: kuna mtu sikumwandika, na sababu ni woga. Hakukasirika. Aligeuza ukurasa akaniuliza jina lake linaandikwaje, herufi kwa herufi, na mara ya mwisho tulizungumza lini. Kibali kilichelewa sana, lakini kilikuja. Angelijua mwenyewe, nisingekipata, na kudanganya kwenye fomu ile ni kosa la jinai linaloweza kukupeleka jela hadi miaka mitano.

Kwa hiyo kaa na wazee, ununue daftari. Mimi na mama tulikaa jioni nne mezani. Tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari tuliyopewa nusu ya kambi, ieleze ilivyotokea. Jina lililoandikwa kwa namna tatu, andika zote tatu. Hifadhi risiti za fedha unazotuma nyumbani. Usimdhamini binamu mkopo wa gari kwa kuona haya. Akishindwa kulipa, deni ni lako na litaonekana. Na bangi, hata kama New Mexico hapo jirani inauzwa dukani kihalali, sheria ya serikali kuu bado inaikataza.

Ukishaingia, tabia hiyohiyo ya kusema inaendelea. Wanaofungua silaha hawafanyi kwa kukumbuka: mmoja anasoma hatua kwa sauti, mwingine anafanya, na hatua haipiti bila kuthibitishwa. Hakuna anayeachwa peke yake na kitu kile. Wao hupimwa kila mwaka, mwili na akili, na hupimwa dawa za kulevya bila kupewa taarifa. Dawa uliyoandikiwa hospitali unaitaja. Radi ikikaribia kazi zile zinasimama, na yeyote akiona jambo si sawa ana haki ya kusema simama, hata kama ameajiriwa juzi. Kwetu kijana kumkatiza mkubwa ni utovu wa adabu. Mle, kunyamaza ndiko kunakotisha.

Jumapili iliyopita kijana mmoja wa kwaya alikuja na fomu yake. Alikuwa ameruka mstari mmoja, wa shangazi aliyebaki Kigoma. Nikampa simu. Huko ilikuwa usiku tayari, shangazi akapokea kwa sauti ya usingizi, na kijana akaanza kumuuliza: "Shikamoo shangazi, jina lako kamili ni nani?"