Anza na Mtoto, Kitanzi Kitafuata

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la tano na muhula huu tunasoma historia ya uhalifu na adhabu Uingereza. Wanafunzi wanataka habari za kunyongwa tu, na baadhi hucheka. Wengine naona wanaogopa. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na John Hudson. Alikuwa mtoto asiye na baba wala mama, kazi yake kusafisha mabomba ya moshi. Desemba 1783, akiwa na miaka 9, alisimamishwa mbele ya mahakama ya Old Bailey, London, kwa kosa la kuvunja nyumba usiku na kuiba shati, soksi za hariri, bastola na aproni. Kuvunja nyumba usiku adhabu yake ilikuwa kifo. Raia walioketi kuamua kesi wakamtia hatiani kwa wizi peke yake, na kwa hiyo akahukumiwa kupelekwa ng'ambo miaka 7. Alifika Australia mwaka 1788, katika msafara wa kwanza wa meli za wafungwa.

Wasomee mashtaka kabla ya kuwaambia hukumu. Waache wabishane: kwa nini wale raia walikataa nusu ya shtaka? Hapo ndipo utamu wa somo ulipo. Wizi wa mali ya shilingi 40 au zaidi ndani ya nyumba nao ulikuwa wa kunyongwa, na mara nyingi raia hao walitamka kwamba mali ilikuwa ya shilingi 39, ingawa kila mtu aliona ni zaidi. Mtoto akielewa hilo, ameelewa jinsi sheria kali mno inavyokataliwa na watu wenyewe walioitwa kuitekeleza. Sijaona darasa likicheka hapo.

Mengine yapitie upesi: polisi wa London walioanzishwa na waziri Robert Peel mwaka 1829, kisha 1868, mwaka ambao kunyonga hadharani kulikomeshwa na meli ya mwisho ya wafungwa ikafika Australia. Picha za vyombo vya mateso ziache kabisa, hazifundishi sababu ya lolote.

Na nakuomba sana, usiulize darasani nani ana ndugu aliyefungwa. Huenda yupo, na hao unaoona wanaogopa pengine wana sababu. Akikufuata pembeni akakuambia baba yuko ndani, msikilize amalize, kisha mwulize yeye mwenyewe kama angependa kukaa katika kipindi au apewe kazi nyingine.