Habari inayokufurahisha ndiyo uihakiki kwanza

Mimi ni muumini. Mdogo wangu haamini kwamba Mungu yupo. Tumebishana tangu tukiwa sekondari na hadi leo tunabishana, ila siku hizi hakuna anayeondoka amenuna. Kilichotusaidia ni sharti moja, nami namshauri yeyote mwenye ndugu, mwenza au rafiki wa upande wa pili alijaribu: ukikutana na habari ya kisayansi inayoupa upande wako ushindi, kazi ya kuihakiki ni yako wewe, usimwachie mwenzako.

Sababu yake iko wazi. Habari inayotuudhi tunaikagua bila kuambiwa. Nani kasema? Lini? Alipima nini? Ile inayotupendeza tunaisambaza hata hatujaisoma hadi mwisho.

Chukua ile inayozunguka sana kwetu waumini, ya wanasayansi wa Urusi waliochimba shimo refu, wakashusha kipaza sauti, wakasikia watu wakilia kuzimu. Ilipotumwa kwenye kundi la familia, zamu ya kuihakiki ilikuwa yangu. Shimo lipo kweli. Lilianza kuchimbwa mwaka 1970 katika rasi ya Kola, kaskazini magharibi mwa Urusi, na mwaka 1989 lilifika kina cha mita 12,262. Upana wake ni kama sentimita 23 tu. Kilichowakwamisha wachimbaji ni joto: walitarajia nyuzi 100 hivi za Selsiasi, wakakuta 180, na miamba ya huko chini ikalainika kiasi kwamba kuendelea kukawa hakuwezekani. Kilichowashangaza ni maji yaliyonaswa ndani ya miamba, pamoja na mabaki ya viumbe wadogo mno, kilomita 6 chini ya ardhi. Vilio havimo popote katika kazi yao.

Jambo hili linaniuma kwa sababu ya vijana wetu. Kijana anayegundua kwamba ulimdanganya kuhusu shimo ana haki ya kukuuliza ni yapi mengine uliyomwambia bila kuyachunguza.

Mdogo wangu naye alikuwa na ya kwake: eti Kanisa la zama za kati lilifundisha kwamba dunia ni bapa kama meza, mpaka baharia Columbus alipowaumbua mwaka 1492. Aliihakiki mwenyewe, akaniletea majibu mwenyewe, nami nikamheshimu zaidi siku hiyo. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, anautaja uduara wa dunia kwenye kurasa za mwanzo kabisa za kitabu chake kikuu cha teolojia, tena kama mfano wa jambo lililokwisha kujulikana. Al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu, alikuwa ameshakadiria ukubwa wa dunia karne mbili kabla yake, kwa kupima kimo cha mlima na kuteremka kwa upeo wa macho kutoka kileleni. Waliompinga Columbus walibishana naye kuhusu umbali wa kufika Asia, na katika hilo wao ndio waliokuwa sahihi. Asiyeamini ana mambo mazito ya kweli ya kutuuliza, kama hukumu ambayo Kanisa lilimpa mwanasayansi Galileo mwaka 1633 kwa kutetea kwamba dunia hulizunguka jua. Hana haja ya kutia chumvi.

Mtu aliyenifundisha sharti hili ni padri Mbelgiji, Georges Lemaître. Mwaka 1927 alichapisha hesabu zinazoonyesha kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulikuwa na chanzo kimoja kidogo sana chenye msongamano mkubwa. Fred Hoyle, mwanafizikia Mwingereza asiyeamini Mungu, hakuipenda nadharia hiyo. Wazo la ulimwengu kuwa na mwanzo lilimnukia dini, na yeye na wenzake wakatoa nadharia yao mwaka 1948, ya ulimwengu usio na mwanzo. Kisha mwaka 1951 Papa Pius wa 12 akahutubia wanasayansi, akiuona ugunduzi wa mwanzo wa ulimwengu kama ushahidi wa uumbaji.

Hebu jiweke mahali pa Lemaître. Ni padri, nadharia ni yake, na mkuu wa Kanisa lake anaisifu mbele ya ulimwengu. Nani angekataa zawadi hiyo? Yeye hakufurahi. Msimamo wake ulikuwa kwamba nadharia hiyo iko nje ya maswali ya dini, na kwamba inamwacha asiyeamini huru kuendelea kutoamini. Alitaka ipimwe kwa darubini. Mwaka 1965 wanaastronomia wa redio nchini Marekani walitangaza kwamba wamenasa mnururisho hafifu unaotoka kila upande wa anga, masalia ya hali ya joto ya mwanzo wa ulimwengu. Lemaître alipata habari hizo kabla hajafariki mwaka 1966. Hoyle hakuikubali nadharia ya Lemaître hadi alipofariki mwaka 2001, lakini kazi yake ya mwaka 1957 kuhusu namna elementi zinavyotengenezwa ndani ya nyota inafundishwa kila mahali, na waumini tunaitumia bila kumuuliza aliamini nini.

Tunapokwama, huwa tunawakumbuka wanafizikia Abdus Salam na Steven Weinberg. Mmoja Muislamu aliyenukuu Kurani kwenye dhifa ya Nobel, mwingine mkana Mungu wa waziwazi. Kila mmoja kwa njia yake walifikia nadharia ileile inayounganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu dhaifu ya nyuklia, wakashiriki tuzo ya mwaka 1979 pamoja na Sheldon Glashow. Mwaka 1983 chembe walizotabiri zikaonekana kwenye maabara za CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia.

Ukitaka kuanza, anzeni na dai dogo linaloweza kupimwa, na kila mmoja aseme mapema ni ushahidi gani ungemfanya abadili mawazo. Swali la kama Mungu yupo litachukua muda mrefu zaidi. Sisi hatujalimaliza. Mdogo wangu ana hoja kuhusu mateso ya watoto wachanga ambayo bado sijapata jibu la kunitosha, naye analijua hilo kwa sababu nimemwambia.