Je, Uingereza ilipobinafsisha helikopta za uokoaji, aliyeokolewa hutozwa?

Hapana, hatozwi. Serikali ndiyo inayolipa. Mkataba wa mwaka 2013 na kampuni ya Bristow ulikuwa wa takriban pauni bilioni 1.6 kwa miaka 10, na Walinzi wa Pwani ndio wanaopokea simu na kuamua helikopta ipi iruke. Kampuni inaleta ndege, marubani, mafundi na waokoaji.

Helikopta za zamani za jeshi, aina ya Sea King, zilikuwa zimechoka kweli: zile za Jeshi la Anga zilianza kazi hiyo mwaka 1978. S-92, mojawapo ya helikopta mpya za kampuni, inakwenda takriban kilomita 270 kwa saa, Sea King karibu 200, na mtu aliye kwenye maji baridi anahitaji kila dakika inayookolewa.

Penye shida palikuwa kwenye AW189, helikopta mpya nyingine. Ilichelewa, hasa kwa sababu ya uidhinishaji wa mfumo wa kuzuia barafu. Barafu ikiganda kwenye mapanga yanayozunguka juu ya helikopta, umbo lake linaharibika, nguvu ya kuinua inapungua na uzito unaongezeka. Bila mfumo huo, rubani haruhusiwi kuingia kwenye wingu lenye baridi ya kugandisha. Inabidi apite chini, bondeni, akizunguka milima ya Uskoti. Helikopta za AW139 na S-92 ndizo zilizoziba pengo.

Kwa hiyo anayeandaa zabuni kama hii asistaafishe helikopta za zamani kwa kufuata tarehe ya mkataba. Asubiri cheti cha barafu kitoke, na winchi, yaani mashine ya kumvuta mtu juu kwa kamba, ijaribiwe usiku, baharini.