Prosesa iliyopandishwa kasi na feni inayovuma: mimi ningeanza na volti

Mkuu, umesema prosesa yako umeipandisha kasi, ukiibebesha kazi nzito inagusa nyuzi 90, feni nayo inavuma hadi kero. Unauliza kama ununue kipoza cha maji. Mimi nisingeanza huko.

Ingia BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka) uangalie volti. Ukipandisha kasi, joto huongezeka kwa uwiano uleule. Ukipandisha volti, huongezeka kwa kipeo cha pili. Maana yake, ukishuka kutoka volti 1.35 hadi 1.25 na kasi ukaiacha palepale, umeme unaotumika kufanya kazi yenyewe unapungua kwa takriban asilimia 14, na feni hujaigusa. Madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ikiachiwa ijipangie, mara nyingi humwaga volti nyingi kuliko zinazohitajika. Yangu ilikuwa hivyo. Nilishusha kidogo kidogo, kila hatua naibana prosesa kwa Prime95, programu ya kuibebesha kazi nzito, mpaka ilipoanza kutoa makosa, nikarudi juu kidogo nikaiacha. Inachosha, sikufichi, lakini ilinisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua baadaye. Na zile MHz 100 za mwisho unazojivunia, ziache. Ndizo zinazodai volti nyingi, na kwenye gemu huzioni.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye kelele. Mizunguko ya feni ikipungua nusu, hewa nayo hupungua nusu, ila kelele hushuka kwa desibeli 15 hivi, na hizo sikio linazisikia vizuri sana. Ndiyo maana napenda hitisinki (chuma cha kufyonza joto la prosesa) kubwa ya mnara yenye feni za milimita 140 zinazozunguka taratibu. Lakini kinachoudhi zaidi ni ile sauti ya kupanda na kushuka. Ukifungua programu tu, joto la prosesa linaruka ghafla kisha linatulia, na feni inalikimbiza kila mara. Kwenye BIOS tafuta sehemu ya kuichelewesha feni, uipe sekunde kadhaa, halafu mchoro wa kasi yake uwe tambarare hadi nyuzi 65 hivi, ndipo upande polepole. Kama feni ni ya pini tatu, hakikisha tundu lake limewekwa DC (kasi huongozwa kwa volti), maana likiwa PWM (kasi huongozwa kwa pini ya nne) feni itakimbia kwa nguvu zote muda wote.

Pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza: kama imekauka, badilisha. Hayo mengine yanayobishaniwa kuhusu chapa yana tofauti ya nyuzi chache tu.

Kipimo kimoja cha bure: fungua ubavu wa kasha, rudia kazi ileile nzito. Joto likishuka sana, kipoza hakina kosa, kasha ndilo linalokosa pumzi. Makasha yenye kioo kizima mbele yana tabia hiyo. Hapo feni ya kuingiza hewa mbele, au uso wa wavu, itakufaa kuliko maji.

Kipoza cha maji si kibaya. Kinachelewa kupata moto, kwa hiyo feni zake hazishtuki ovyo. Ila pampu ina mlio wake usiokoma, na maji yenyewe mwisho yanapozwa na feni zilezile kwenye rejeta.

Ukimaliza, weka hapa volti unayotumia na nyuzi ulizopata, ubavu ukiwa wazi na ukiwa umefungwa.