Bogenvilia yangu ilichanua baada ya kuisusa

Jumamosi iliyopita bibi harusi nisiyemjua alipiga picha mbele ya ukuta wangu, hapa Goba. Msafara ulikuwa unawahi ukumbini, mpiga picha akaona ule wekundu, akashuka kugonga geti. "Shikamoo mama, tunaomba dakika kumi tu." Wakakaa karibu saa nzima. Nami nimesimama dirishani na kikombe cha chai, najikaza nisitoke kuwaambia kwamba miaka minne nyuma ukuta huo ulikuwa kichekesho cha mtaa.

Nilipoweka picha ya ukuta mtandaoni, swali likawa moja: dada, mbona bogenvilia yangu inatoa majani tu? Haya, kaeni niwasimulie.

Mimi sikuanza na bogenvilia. Nilitaka wisteria, ule mmea wa kwenye picha za nyumba za Uingereza, wenye vishada vya zambarau vinavyoning'inia juu ya mlango kama zabibu. Nilizunguka kwenye miche ya pembeni mwa barabara mpaka mzee mmoja akanionea huruma. "Mwanangu, huo unataka baridi." Ni kweli. Hupukutisha majani, hulala msimu wote wa baridi, ndipo uamke na maua. Wenyewe huukatia mara mbili kwa mwaka: Julai au Agosti, kisha tena Januari au Februari ukiwa umelala. Februari ya Dar nani analala?

Akaniuzia bogenvilia. Nayo ni mgeni, kwao Amerika Kusini, na jina imepewa la baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, aliyeizunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Lakini jua letu inaliweza.

Niliilea kama mtoto wa kwanza. Maji asubuhi, maji jioni, samadi ya kuku kila nikiipata. Ikapanda ukuta, ikafika kwenye bati. Ua hata moja hakuna. Jirani akaanza kusema ninafuga nyoka. Na sikukuu ya Idi, mbele ya wageni, sahani ya pilau mkononi, wifi yangu akauliza kwa sauti: "Wifi, hapa ulipanda maua au kichaka?" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Mpaka leo nikikumbuka naona moto masikioni.

Masika iliyofuata matawi yakajipenyeza chini ya bati, majani yakaziba gata, maji yakaingia sebuleni. Nikamwita kijana mwenye panga, nikamwambia apunguze kidogo, mimi huyo Kariakoo. Kurudi, nikakuta visiki vimefika magotini. Sikusema neno. Nilimlipa, nikaingia ndani, na tangu siku hiyo nikaisusa: sikuipa maji wala samadi, hata kuitazama sikuitazama.

Agosti, kwenye ncha za matawi mapya, wekundu ukatokea.

Ndipo nikaanza kuuliza wanaojua. Kumbe bogenvilia huchanulia kwenye machipukizi mapya, na ikikaa kavu kidogo ndiyo huchanua zaidi. Samadi nyingi ya kuku inanenepesha majani, basi. Na ule wekundu si ua, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kale kadude keupe katikati.

Kwa hiyo kata. Kila wekundu ukipukutika, chukua mkasi (panga liache jikoni), fupisha matawi ya pembeni ubakize macho mawili au matatu, yaani pale tawi linapochipulia. Usiache kukata kwa sababu limependeza. Mimi niliacha mara moja kwa huruma, na msimu ule nikapata majani.

Ukutani haijishiki yenyewe, haina mizizi ya kung'ang'ania, ina miiba tu. Nilipigilia misumari ya zege, nikavuta waya mistari mitano, nikaziacha zikae mbali na plasta kiasi cha vidole vitatu ili upepo upite. Tawi lilaze ubavuni kufuata waya, usiliache liende juu moja kwa moja, maana likilala linachipua urefu wake wote. Kufungia, mwanzoni nilitumia waya wa nondo. Tawi liliponenepa, waya ukazama kwenye ganda kama pete kwenye kidole kilichovimba, upande wote ukakauka. Sasa natumia vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, ile mipira ambayo vijana wa bodaboda hufungia mizigo. Inavutika.

Mengine ni uvumilivu, na hapo ndipo wengi mnaposhindwa, nasema wazi. Mnataka ukuta wa bibi harusi, lakini mkasi mnauogopa na maji hamuachi kumwaga. Kupenda mmea si kuulisha kila siku. Na msimwachie mtu mwenye panga kazi msiyomsimamia, nimeshawaambia yaliyonikuta.

Jumamosi hii naikatia, rangi imeshaanza kumwagika uani. Anayetaka vipande vya kupanda aje na glavu zake, nitampa vya unene wa penseli. Wifi yangu keshatuma mtu kumchukulia. Nimemtengea vitatu, vya ule upande wenye miiba mingi.