Maswali yenu: Xi'an wakati wa baridi

Tangu niseme hapa kwamba Xi'an, mji wa kale wa China, hutembelewa vizuri zaidi Desemba na Januari, maswali hayakatiki. Nimejibu tisa. Wale mnaouliza bei ya jumla ya viatu, nimewaruka. Huo si mji wa mzigo.

*

*Nakwenda Guangzhou kufuata mzigo na nitakuwa na siku moja ya ziada. Naweza kukimbia Xi'an nikaone lile jeshi la sanamu za udongo na kurudi? — Mfanyabiashara, Kariakoo*

Treni ya mwendokasi kutoka Guangzhou hadi Xi'an ni kama saa 8. Kwenda tu. Ukipanda ndege utaokoa muda, lakini jeshi lenyewe haliko mjini, liko Lintong, na siku yako yote itaishia barabarani.

Hili ndilo linaloniudhi. Nimewaona wenzetu pale: wanashuka garini, wanajipiga picha kwenye ukingo wa Shimo la 1, kubwa kati ya mashimo matatu yenye sanamu, wanauliza choo kiko wapi, wameondoka. Nusu saa. Kisha wanarudi kusema "ni sanamu tu". Ni sanamu, ndiyo. Wakulima waliokuwa wakichimba kisima Machi 1974 walikutana nazo ardhini, na hadi leo kati ya zile zinazokadiriwa kufika 8,000, nyingi bado zimefukiwa. Zilipakwa rangi zote, nyekundu, kijani, zambarau, ila rangi hubanduka kwa dakika chache tu ikishapata hewa kavu, ndiyo maana wachimbaji hawana haraka. Na kaburi la mwenye jeshi hilo, mfalme Qin Shi Huang aliyekufa mwaka 210 kabla ya Kristo, halijafunguliwa kabisa. Unaona kilima chenye miti, basi. Wapimaji wamekuta zebaki nyingi kuliko kawaida kwenye udongo wake, na mwanahistoria Sima Qian alikwishaandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba humo ndani mlitengenezwa mito ya zebaki.

Anza na Shimo la 3, dogo, uende la 2, umalizie la 1. Ukianza na la 1, mengine utayaona kama banda la kuku. Chukua metro laini ya 9 hadi Huaqingchi, halafu basi. Usimfuate anayekuitaita nje ya stesheni. Mara yangu ya kwanza nilimfuata mmoja akanipeleka "makumbusho", kumbe karakana ya kuuza sanamu. Nikanunua moja kwa aibu. Ipo juu ya friji nyumbani, imevunjika sikio.

Nenda kwa siku nne au usiende.

*

*Ile ruhusa ya kupita siku 10 bila viza inatuhusu? — Msomaji, Nakuru*

Hapana. Hakuna nchi ya Afrika kwenye orodha hiyo. Mwenye pasipoti ya Uingereza au Kanada anaweza kuitumia, mradi awe anapita kwenda nchi ya tatu. Mwenye pasipoti ya kwetu aombe viza kabla hajakata tiketi, na asinitumie tena picha ya tiketi akiniuliza afanyeje.

*

*Baridi ya huko ikoje? Nitahitaji koti la aina gani? — Mama wa Tabata*

Januari usiku ni nyuzi 4 au 5 chini ya sifuri, mchana inapanda juu ya sifuri kidogo. Ni baridi kavu. Haikulowanishi kama masika ya Arusha, inakukausha: midomo inapasuka, vidole vinachanika pembeni ya kucha. Beba mafuta ya mgando, kopo zima.

Kuhusu koti, usinunue dukani. Nenda Karume, au Gikomba kwa walio Nairobi, ukawaulize wauza mitumba makoti ya baridi. Huku kwetu hayana mteja, yanajazana chini ya belo, na utapata la manyoya ya bata kwa bei ya kuku wa kienyeji. Kagua zipu. Kagua zipu tena. Lakini koti peke yake halitoshi: ndani vaa nguo za kubana za mikono mirefu, katikati sweta, juu ndiyo koti. Utahitaji kuvua na kuvaa mara kumi kwa siku, kwa sababu ndani ya majengo kuna joto la kukutoa jasho. Xi'an iko kaskazini mwa milima ya Qinling, na kaskazini mwa mstari huo majengo hupata joto la mabomba ya mji kuanzia tarehe 15 Novemba hadi 15 Machi. Vijana wetu wanaosoma Wuhan na Changsha, kusini mwa mstari, hutetemeka wakiwa chumbani kuliko atakavyotetemeka mgeni wa hoteli ya Xi'an.

Hukuuliza, lakini nakuambia: mwenye pumu afikiri mara mbili. Mji uko bondeni, na wakati wa baridi moshi hunasa hapo siku kadhaa mfululizo. Beba barakoa na dawa zako.

*

*WhatsApp inafanya kazi? — Wengi mno*

Kwa Wi-Fi ya hoteli, hapana. Kwa laini yako ya nyumbani iliyowashiwa huduma ya nje ya nchi, ndiyo, na bei utaisikia. Sitalijibu tena.

*

*Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini? — Msomaji, Tanga*

Utakula kuliko sisi sote. Nyuma ya Mnara wa Ngoma kuna mtaa wa Wahui, Waislamu wa Kichina, na vibao vyao vya kijani vina herufi 清真, yaani halali. Zinakili kwenye simu yako. Ule mtaa mkubwa wenye taa na mishikaki ya kupigia picha pita tu. Kata uingie vichochoro vya Dapiyuan au Sajinqiao, ambako wenyeji wanakula.

Agiza paomo ya kondoo. Wanakuletea bakuli tupu na mikate miwili ya duara, migumu kama chapati ya juzi. Hapo wageni wengi hukasirika wakidhani ndicho chakula chenyewe. Unatakiwa uumege mwenyewe, vipande vidogo kama punje za kunde, na si kazi ya dakika tano. Mzee wa meza ya jirani aliangalia bakuli langu, akacheka, akanionyesha lake: punje zote sawa, kama zimepimwa. Nikarudia. Bakuli linarudishwa jikoni, mkate unapikwa kwa mchuzi wa kondoo, unaletewa na vitunguu saumu vya achari. Nje kuna baridi ya kukata masikio, na wewe unatokwa na kamasi kwa raha.

Angalizo: mkate wa nyama uitwao roujiamo, nje ya mtaa huo, kwa kawaida ni nguruwe. Usimwamini anayetikisa kichwa tu.

Na usiondoke bila kuswali kwenye Msikiti Mkuu. Majengo ya sasa yalianza kujengwa mwaka 1392, enzi ya watawala wa Ming. Hakuna kuba. Mnara wake ungeudhania banda la bustani ya mfalme. Ni nyua kadhaa zinazofuatana, na zote zimelala kutoka mashariki kwenda magharibi. Sisi watu wa pwani, ambao wazee wetu walisema kibla wakimaanisha kaskazini, tunasita kidogo kabla ya kukumbuka kwamba kutoka China, Makka iko upande wa jua kuzama. Kuta za ndani ni mbao zilizochongwa Qurani. Wasio Waislamu hawaingii ukumbi wa sala, na naomba muiheshimu hiyo kamba bila ubishi.

*

*Kwa Wakristo je, hakuna kitu? — Mchungaji, Mbeya*

Kipo, na wengi wanakipita. Nenda Makumbusho ya Beilin, ulizia jiwe la mwaka 781 la Wanestoria, Wakristo wa kale wa mashariki. Lina msalaba juu na maandishi ya Kichina pamoja na Kisiria, yakieleza jinsi mmisionari wao Alopen alivyofika hapa, mji ukiitwa Chang'an, mwaka 635. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844. Fanya hesabu kabla ya mahubiri ya Jumapili.

*

*Nisafiri wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina ili nione sherehe? — Mwanafunzi, Wuhan*

Taa za kwenye ukuta wa mji ni nzuri, siwezi kukataa. Lakini Wachina wote wanasafiri siku hizo, tiketi za treni zinapukutika, migahawa ya kifamilia inafungwa. Mwaka 2027 sikukuu inaangukia tarehe 6 Februari. Mimi ningeondoka wiki mbili kabla. Na Makumbusho ya Historia ya Shaanxi weka nafasi mapema kwa namba ya pasipoti. Jumatatu yamefungwa. Kila mwaka kuna mtu ananiandikia akiwa amesimama mlangoni Jumatatu.

*

*Watu watanishangaa? — Binti, Mwanza*

Watakuomba picha, hasa wazee waliotoka vijijini. Ukichoka sema hapana na utabasamu. Anayegusa nywele bila ruhusa, usitabasamu.

*

*Nimesikia Ukuta Mkubwa wa China unapita Xi'an na unaweza kuuendesha baiskeli. — Msomaji, Bujumbura*

Umechanganya madesa. Huo ni ukuta wa mji, ulijengwa miaka ya 1370 enzi ya Ming, na unauzunguka mji wa kale kilomita karibu 14. Juu yake ni mpana kama barabara ya magari mawili na zaidi, na ndiyo, wanakodisha baiskeli.

Panda kupitia lango la kusini saa 9 alasiri. Vaa glavu kabla hujashika usukani, si baada. Matofali yana mawimbi, baiskeli inaruka, na upande wa kaskazini upepo unakupiga usoni moja kwa moja. Januari iliyopita nilizunguka robo ya ukuta bila kukutana na mtu zaidi ya mfagiaji na paka wake. Simu yangu ilikuwa na chaji asilimia 40. Nilipoitoa kupiga picha ya taa nyekundu zikiwaka, ilizimika palepale kwa baridi. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Na amana ya baiskeli idai kwenye kituo cha kurudishia kabla hujashuka ngazi, kwa sababu kupanda tena ni tiketi mpya.